Ubao wa Upande wa Jua

Mutondo, 8 Agosti 1999

Kwa Zakeyo Jere, mla panya wa Chipata,

Mimi mzima. Afya yako siiulizi, kwa sababu Mgoni akifa mtani wake Mbemba ndiye wa kwanza kuitwa, na mimi bado sijaitwa.

Jumamosi Mamba wa Mutondo tulitoka sare na watu wa Ndola, bila bila. Mpira ulikuwa mbovu, wachezaji walitembea kama wanaokwenda kuchota maji. Lakini jukwaa letu la Upande wa Jua lilijaa. Mzee Sampa alimtukana mshika kibendera mpaka mshika kibendera akamjibu, refa akasimamisha mchezo kuwaamua. Halafu upepo ukageuka, moshi wa shimo la mgodi ukatuingia kooni, tukakohoa wote, wetu na wageni, hata kipa. Nafasi yako pale kwenye ubao niliiwekea kofia. Mtu mmoja akataka kukaa, nikamwambia hapo pana mkojo.

Sasa habari yenyewe. Bwana mpya aliyenunua mgodi ametuita mkutanoni. Upande wa Jua utavunjwa msimu ukiisha. Ngazi zetu na mbao zetu zote zinaondoka, vinakuja viti vya plastiki vyenye namba, na juu yake paa. Ukinunua tiketi unakaa namba yako. Wewe namba hii, mimi namba ile kule, na katikati yetu mtu tusiyemjua. Karani wake akatuuliza: ninyi mashabiki mnaupendea nini uwanja huu, tusije tukakiharibu? Watu wakasema kivuli, wakasema vyoo, wakasema maji ya kunywa. Mimi nilijua kipo, ila hakikunijia mdomoni.

Halafu niambie. Barua yako ya mwisho ina mwandiko gani ule? Miaka yote umeandika kama kuku aliyekanyaga wino, leo herufi zimenyooka kama za mwalimu wa shule. Walipokupunguza kazi shimoni, walikupunguzia na ule mkono mbaya?

Mtani wako,
Evaristo Ng'andwe


Chipata, 22 Agosti 1999

Kwa Ng'andwe, mla nyani,

Mwandiko ni wa binti yangu Tiyese. Mimi ninasema, yeye anaandika. Macho yamekwisha. La kushoto lilitangulia mwezi wa tatu, la kulia likalifuata kama mke mwaminifu. Hospitali ya misheni wanasema ni presha ya macho na kwamba hayarudi. Kwa hiyo mimi sasa ni kipofu, na faida ya kwanza niliyoipata ni kwamba sitaiona tena sura ya Mbemba mpaka naingia kaburini. Leta kuku wa pole, na awe jogoo.

Habari ya uwanja imenichoma. Nani aliwahi kukaa uwanjani kwa namba? Waambie wakutundike wewe getini kama wanataka kuwafukuza wageni, itawatosha.

Hapa nilitaka kukuita jina fulani, Tiyese amekataa kuliandika. Jaza mwenyewe, unalijua.

Z. Jere


Mutondo, 5 Septemba 1999

Zakeyo, kipofu wangu,

Nimecheka nikaisoma barua yako kwa Upande wa Jua mzima wakati wa mapumziko, wakacheka mpaka Mama Mutale muuza karanga akamwaga karanga zake. Sampa anasema wewe ni kipofu tangu mwaka 1974, ulipoapa kwamba bao la Radi ya Kitwe lilikuwa la kuotea na wakati mfungaji alikuwa na mabeki wetu wawili mbele yake, sote tukiwaona isipokuwa wewe.

Kuku hupati. Nimeshaungua na moto wako mara moja. Umesahau mwaka ule ulipotuma mtoto aje kuniambia umefariki? Nilitoka nyumbani na gunia la unga begani nikilia barabara nzima, watu wa zamu ya mchana wakanivulia kofia zao. Nikakukuta umekaa unakula ugali wa nshima na dagaa wa kapenta, ukaniambia nimechelewa kuzika lakini unga niuache. Mgoni akiniambia anaumwa, mimi ninafunga banda la kuku.

Lakini hili sitanii. Tarehe 27 Novemba tunacheza na Radi, hapa kwetu. Ni mechi ya mwisho ya msimu, na ni ya mwisho kwa Upande wa Jua. Jumatatu yake mashine zinaingia. Njoo, Zakeyo. Utalala kwangu, chumba cha binti yangu Chola kipo wazi tangu aolewe. Tukae kwenye ubao wetu mara moja tu zaidi, uone wanachokivunja kabla hawajakivunja.

Evaristo


Chipata, 26 Septemba 1999

Ndugu Ng'andwe,

Asante kwa mwaliko. Sitakuja. Nije kuona nini?

Wasalimu wote wa Upande wa Jua.

Z. Jere


Mutondo, 9 Oktoba 1999

Kwa Bwana Jere,

Nimeisoma barua yako nikitafuta tusi, sikuliona. Umeniita ndugu. Tangu tuanze kazi siku moja, tukashushwa shimoni katika lifti moja, hujawahi kuniita ndugu.

Unauliza uje kuona nini. Basi nimeelewa. Umepata shamba, umepata ng'ombe, sisi tuliobaki kwenye vumbi la shaba hatuna tena cha kutazamwa. Nilikuwa nakuwekea kofia kila mechi. Mechi iliyopita nimemwachia kijana mmoja akae pale. Anakula miwa na kunitemea mabaki, lakini angalau anakuja.

Nimekasirika na sioni sababu ya kukuficha. Kaa na mahindi yako.

E. Ng'andwe


Chipata, 20 Oktoba 1999

Kwako Baba mdogo Ng'andwe,

Nakusalimu kwa heshima. Ni mimi Tiyese, leo ninaandika yangu mwenyewe, na Baba hajui.

Baba haoni kweli. Si utani. Nilidhani utaelewa alipotaja hospitali. Nilipomsomea barua yako uliyomwita kipofu wa tangu mwaka 1974 alicheka sana, akanifanya nirudie, kisha akatoka akaenda kukaa nyuma ya ghala mpaka chakula kikapoa. Mama ndiye aliyemrudisha ndani.

Anatamani kuja kuliko anavyotamani kitu chochote. Usiku anamhadithia Mama mechi za zamani, anazitaja mpaka pasi. Nilimwambia tutaomba nauli kwa kaka, mimi nitampeleka. Akakataa. Alisema hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Wataniongoza kwa mkono kama bibi harusi. Watanipa pole. Upande wa Jua ukishakupa pole, umeshazikwa, kilichobaki ni udongo."

Hapa kijijini ndivyo ilivyo, Baba mdogo. Watu wakimwona anakuja wanashusha sauti. Wanampisha njia pana kana kwamba amebeba maji ya moto. Hakuna anayemtania tena. Matusi yanayoingia nyumba hii ni ya kwako peke yako, na sasa umeandika barua isiyo nayo. Sijamsomea hiyo. Nimemwambia posta haijaleta kitu.

Usimwambie kwamba nimekuandikia. Na nakuomba, usimhurumie.

Mwanao,
Tiyese Jere


Mutondo, 30 Oktoba 1999

Zakeyo, mla panya usiyewaona hata panya wenyewe,

Dereva mmoja wa lori la mahindi, aliyetoka huko kwenu, ameniambia ni kweli. Kwa mara ya kwanza maishani mwako ulisema kweli, na ukaniharibia. Mtu anayedanganya miaka ishirini na tano hana haki ya kubadilika ghafla bila kumpa mwenzake taarifa.

Nimelia. Nakwambia ili ujue kwamba limekwisha, nimelilia nyumbani kwangu, mlango nimefunga, na hutalisikia tena.

Sasa nisikilize. Nimekumbuka jibu ambalo sikumpa yule karani. Wiki ile tuliyomzika Mama Chola, mji mzima ulikuwa unanipa pole. Kazini pole, sokoni pole, kanisani walinishika mkono mpaka ukauma. Nilikuwa siwezi kutoka nyumbani kwa sababu ya pole za watu. Jumamosi nikaja uwanjani, nikakaa kwenye ubao, nikainama. Wewe hukunitazama. Ulinisogezea karanga ukasema, "Kula, mgane, usije ukakonda tukakosa wa kumcheka." Sampa akaongeza kwamba sasa nitajua tofauti ya chumvi na sukari. Nilicheka, Zakeyo. Nilikuwa sijacheka tangu mazishi. Halafu Radi wakatufunga, tukawatukana wote pamoja, na nikarudi nyumbani mtu.

Ndicho ninachoupendea uwanja. Kivuli ninacho nyumbani.

Kwa hiyo utakuja. Na hakuna mtu atakayekuhurumia, nimeshawaambia. Nimesema: Jere anakuja, amekuwa kipofu, anayetaka kumpa pole aende akakae Upande wa Kivuli na mabwana. Mama Mutale ameuliza kama sasa anaweza kukuuzia maganda matupu. Kijana mmoja aliyekuwa anakaa mahali pako na miwa yake nimemfukuza.

Mimi nitakuwa macho yako. Mabaya, ila hayo ndiyo yaliyopo.

Mtani wako,
Evaristo


Chipata, 10 Novemba 1999

Kwa mla nyani,

Lori la mahindi, mwezi wa kumi? Mahindi ya huku yalikwisha kusombwa zamani. Hata kudanganya hujui, na unataka kuwa macho yangu. Mwandishi wangu hapa ameacha kuandika, nasikia karatasi haisogei. Mwambie dereva wako nimemsamehe.

Nitakuja. Lakini hakuna kunishika mkono. Nitaweka mkono wangu juu ya bega lako, kama mtu anayeswaga ng'ombe, na watu watajua nani anamwongoza nani. Mechi utanieleza kama ulivyozoea kueleza, kwa chuki na upendeleo. Siku nikikusikia umelainisha sauti, nasimama naondoka, hata kama nitatokea katikati ya uwanja.

Tiyese anakuja nami. Anakula sana, jiandae.

Jere


Mutondo, 4 Desemba 1999

Zakeyo,

Nimefurahi kusikia kwamba mmefika. Nyumba imekuwa kimya, na bado mto wa kitanda cha Chola unanuka dawa yako ya kuchua magoti.

Mashine zilikuja Jumatatu kama walivyosema. Nilikwenda kutazama, nikamkuta Sampa ameshafika, amekaa kwenye ngazi ya chini na mwavuli wake. Walimwomba aondoke kwa adabu, akawauliza kama wana tiketi. Hatimaye akaondoka. Ngazi zilivunjika upesi kuliko nilivyodhani. Mbao waliziacha pembeni, wakasema anayetaka achukue, na hadi saa sita zilikuwa zimekwisha.

Lakini tuliuaga Upande wa Jua vizuri. Mabao mawili kwa moja! Na dhidi ya Radi! Watu hadi leo hawazungumzi kingine ila ile penalti ya Chipoya ya mwisho mwisho. Mama Mutale anasema hajawahi kuona Mgoni akiruka juu hivyo, na kwamba umenenepa, ulimkanyaga kidole. Sampa anakusalimu. Anasema sauti yako bado ni mbaya.

Niandikie.

Evaristo


Chipata, 14 Desemba 1999

Kwa Evaristo Ng'andwe, mwongo,

Tulitoka sare. Bao moja kwa bao moja.

Usijisumbue kumlaumu Tiyese, hakusema kitu, kumbe mlimwapisha na yeye. Hata redio sikuihitaji. Nimekaa uwanja ule miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu. Bao likiingia, Upande wa Kivuli nao hupiga kelele, maana hata mabwana wana timu. Safari hii waliguna tu. Ngoma ya Katele kule nyuma ya goli, inayolia kila tukifunga, haikulia. Radi walikuwa wanashangilia kule kaskazini, na mtu aliyefungwa hashangilii. Kisha refa hakupuliza filimbi ya kuanzia katikati. Nikamsikia kipa wao akiupiga mpira, pu! Nikajua yule kijana amepaisha penalti, ameipeleka kwa Mungu.

Na wewe uko sikioni mwangu unapiga kelele "Goli! Goli!", na Upande wa Jua mzima unapiga kelele "Goli!" pamoja nawe.

Ngoja nikwambie kilichonipata, kwa sababu siku ile sikusema. Kwanza nilipata hasira. Nilisema moyoni, ndiyo hiyo huruma, nimeikimbia Chipata imenifuata hapa, wananipa bao la sadaka kama anavyopewa mtoto. Nilitaka kuinuka niondoke kama nilivyoapa. Halafu ukanikumbatia, na nikasikia tumbo lako linatikisika. Ulikuwa unacheka, mwizi wewe! Sampa nyuma yangu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Mama Mutale alianza kigelegele kikamkatikia njiani kwa kicheko. Watu wote wale walikuwa wameamua kumdanganya Mgoni mmoja, na wanaona raha.

Anayekuhurumia hacheki vile. Nikajua sijazikwa. Nikaruka, nikapiga kelele nanyi mpaka sauti ikakauka, na kile kidole cha Mama Mutale nilikikanyaga kwa makusudi. Sijafurahi hivyo tangu macho yaondoke. Tiyese amesema nimuache apumzike kidogo, karatasi inalowana.

Sasa tuje kwenye haki yangu. Mtani akikamatwa hulipa. Na Upande wa Jua umekufa, na ulikuwa nyumba yako wewe Mbemba, kwa hiyo msibani mimi mtani nina ruhusa ya kuingia na kubeba ninachokitaka, na hakuna wa kunizuia. Ningekuwepo ningejilaza mbele ya mashine. Nautaka ubao wetu. Ukate katikati. Kipande changu ni cha kushoto, kile kilicholainika vizuri kwa kukaliwa na mtu wa ukoo. Chako baki nacho.

Jere


Mutondo, 3 Machi 2000

Kwa Jere, mla panya na mdai ubao,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ubao wako ulikuwa umeshachukuliwa. Sikutaka kuandika kabla sijaupata.

Nilizunguka kwa maseremala wote wa Mutondo. Mmoja alinionyesha ubao akaapa ndio wenyewe, nikaukalia nikajua si wenyewe. Wetu una lile fundo la mti linalochoma paja la kulia. Kumbe ulikuwa kwa Mama Mutale muda wote, ameuweka juu ya matofali anapangia nyanya. Aligoma kuutoa. Alisema mninga kama ule haupatikani tena na kwamba nyanya zimeshauzoea. Nikamwambia unakwenda kwa nani. Akaziondoa nyanya moja moja, akaupangusa kwa kitenge chake, akanipa na karanga za kukuletea. Anasema nikuambie kwamba penalti ile iliingia, yeye aliiona kwa macho yake.

Viti vya plastiki vimeshafungwa. Ni vya rangi ya chungwa. Nilikwenda kukijaribu kimoja, ni kizuri, hakichomi popote. Nilikaa kidogo nikaondoka.

Nilimpelekea seremala ubao aukate kama ulivyoagiza. Alipima katikati, akachora mstari, akaweka msumeno. Nikamwambia aache. Akaniuliza kwa nini, nikaubeba tu ubao wangu nikaondoka.

Kwa hiyo naja nao mzima. Kondakta anasema ubao utakaa juu ya basi na mimi nitakaa ndani, nimemwambia afadhali tubadilishane. Tafuta mawe mawili ya kuuwekea. Uweke uani mahali tutakapokaa tumeelekea magharibi, jua la alasiri litupige usoni. Mwambie mama Tiyese nakula kila kitu isipokuwa panya.

Ligi inaanza Jumamosi tarehe 18, saa tisa. Mamba wanacheza ugenini na Radi. Nunua betri mpya za redio, lakini usiisikilize sana. Matokeo nitakuambia mimi.

Evaristo